Maji ya Kisima na Sumu Isiyoonekana



Nilipokwenda Matombo kuwatazama wakulima wenzetu wa karafuu wa milima ya Uluguru, mzee mwenyeji wangu alinichukua mpaka kiwanja chake kingine, uwandani chini ya milima. Ataka kuchimba kisima hapo bondeni, hatua chache tu na josho la ng'ombe lililoachwa zamani. Nilimwomba asubiri. Nawaandikieni na nyinyi, kwani visima twachimba sote.

Zama za ukoloni, majosho mengi ya Afrika Mashariki yalitiwa aseniki kuua kupe. Sumu hii haiozi. Pengine hutoka katika mwamba wenyewe, kama katika nchi ya dhahabu ya Geita na Mara. Kule Bangladesh watu walichimbiwa visima vya bomba waepukane na maji machafu ya madimbwi. Mwaka 1993 ikagunduliwa aseniki ndani yake.

Khasa lililo kubwa ni kwamba hugeuka sura. Penye hewa hushikamana na kutu ya chuma, kutu ile ile inayoupa udongo wa Uluguru wekundu wake (kanzu yangu ni shahidi). Hapo hutulia. Lakini katika tope jeusi la bondeni, lenye majani yanayooza na lisilo na hewa, vijidudu huiyeyusha kutu ile. Aseniki hufunguka, ikaingia majini kwa sura ya pili, kali zaidi, wala haishikiki upesi. Nayo maji ni maangavu, hayana harufu wala ladha.

Kuchemsha hakufai: maji hupungua, sumu hubaki. Maji yenye chuma yakipigwa hewa hufanya kutu upya, na kutu ikichujwa kwa mchanga huondoka na sehemu ya sumu. Sehemu tu, kwani ile sura ya pili hugeuzwa na hewa polepole mno.

Kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu 1 katika lita 100,000. Jicho haliwezi, ni kazi ya maabara, na upelekapo chupa yako itaje aseniki kwa jina, la sivyo huenda isipimwe.

Mzee amekubali kuchimba upande wa juu, mbali na josho, na kupima kwanza. Kisima chetu cha ghalani hakijapimwa bado. Chupa yake ninayo mezani.

Katibu