Kabla ya kuuza shamba, uliza kuhusu Ras

Huenda umewahi kualikwa kwenye harambee ya kuchangia matibabu ya jirani anayeugua saratani ya utumbo mpana. Mzee wa ukoo husimama akatangaza kwamba kuna dawa mpya ya sindano, kwamba bei yake haishikiki, na kwamba familia iko tayari kuuza ekari moja. Watu hutoa walicho nacho. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo lingeokoa pesa hizo na, muhimu zaidi, muda wa mgonjwa: je, uvimbe huo umepimwa Ras?

Ras ni protini. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya saratani ya panya, kwa kuwa habari zake zilianza na virusi vilivyowaletea panya uvimbe, ambavyo watafiti walivigundua katika miaka ya 1960. Imo katika jamii kubwa ya protini ndogo ziitwazo GTPezi, ambazo katika mwili wa binadamu zinapita aina 150. Zote hufanya kazi kwa kuwashwa na kuzimwa. Zile za kundi la Rho husimamia umbo la chembe hai na jinsi inavyotembea, na za kundi la Rab huelekeza uchukuzi wa mizigo ndani yake. Ras yenyewe hupitisha amri ya chembe kukua na kugawanyika.

Mfikirie makanga wa matatu. Husimama mlangoni, nusu nje, nusu ndani. Abiria wakishapanda, hugonga bodi na dereva akaondoa gari. Wa kushuka akisema, hugonga tena na gari likasimama. Ras nayo imeshikamana na upande wa ndani wa utando wa chembe. Nje ya utando kuna vipokezi vinavyopokea ujumbe kutoka sehemu nyingine za mwili. Ujumbe wa kukua ukifika, Ras huachilia kemikali iitwayo GDP na kushika nyingine, GTP. Hapo imewaka, na amri husafiri hadi kwenye kiini cha chembe. Tofauti ya kemikali hizo mbili ni fosfati moja tu: GTP ina tatu, GDP ina mbili. Kazi ikiisha, Ras husaidiwa na protini nyingine kuikata ile fosfati ya tatu, ikazimika. Hivyo ndivyo kidonda chako hupona bila nyama kuendelea kuota ovyo.

Mwaka 1982 watafiti nchini Marekani waliichunguza jeni ya Ras kutoka kwa chembe za saratani ya kibofu cha mkojo. Walikuta imetofautiana na ile ya kawaida kwa herufi moja tu ya maandishi ya urithi. Herufi moja! Gazetini kosa kama hilo humalizwa kwa kuomba radhi ukurasa wa pili. Ndani ya chembe, kosa hilo hubadilisha kiungo cha 12 katika mnyororo wa protini hiyo, nayo Ras ikashindwa kuikata fosfati. Makanga hugonga bodi mfululizo, na dereva hukanyaga mafuta hata kama stejini hakuna mtu.

Kasoro za aina hii hupatikana katika takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wa saratani ya utumbo mpana, na katika karibu 9 kati ya 10 wa saratani ya kawaida ya kongosho. Mara nyingi hazirithiwi. Hutokea katika chembe moja mtu akiwa tayari anaishi, kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta mchawi wala kumlaumu mama mzazi. Hata hivyo, zipo saratani za utumbo zinazofuata ukoo kwa sababu ya jeni nyingine. Ikiwa baba, mama au ndugu yako aliugua akiwa bado kijana, mweleze daktari.

Sasa turudi kwenye harambee yetu. Dawa za setuksimabu na panitumumabu, ambazo hupewa wagonjwa ambao saratani yao ya utumbo imeenea, huziba kipokezi kilicho nje ya chembe. Ni kama kuwazuia abiria wasifike stejini. Kama makanga ana akili timamu, gari litatulia. Kama Ras ina kasoro, kuziba huko nje hakusaidii kitu, kwani amri inatoka ndani. Tangu utafiti wa mwaka 2008 jambo hili liko bayana, na ndiyo sababu kipimo cha Ras hutangulia dawa hizo. Upasuaji na dawa za kawaida za kuua chembe za saratani ni habari nyingine. Usiziache kwa sababu ya majibu ya Ras.

Kwa miaka mingi Ras ilidhaniwa haishikiki kwa dawa yoyote. Mwaka 2013 watafiti wa California walipata kijishimo katika aina moja ya Ras yenye kasoro, na mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha sotorasibu kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu. Inafaa kwa aina hiyo moja pekee, kwa hiyo hapa pia kipimo hutangulia.

Kwa kawaida mgonjwa hahitaji kukatwa upya. Kipimo chaweza kufanywa kwa kipande cha uvimbe kilichotolewa awali na kuhifadhiwa katika maabara. Mwombe daktari nakala ya ripoti ya maabara, uulize kipande hicho kimehifadhiwa wapi, na kama kimepimwa KRAS na NRAS, ambazo zote ni ndugu wa Ras.