Kyoto, Ambako Wali Huja Mwisho

Dandora, mtaa wa Nairobi, chakula hakichelewi. Kwenye kibanda cha Phase Four mteja huagiza akiwa bado amesimama, na kabla hajapata nafasi kwenye benchi, sahani ya chapo madondo imeshatua mbele yake, imejaa hadi ukingoni, na kipande cha parachichi juu. Mchukue mtu aliyelelewa na utaratibu huo umketishe Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka 1,000, ndani ya mkahawa wa kaiseki, mlo rasmi wa Kijapani.

Mlangoni huning'inia pazia fupi la nguo liitwalo noren. Likiwa nje, mkahawa uko wazi. “Irasshaimase!” Hiyo ndiyo karibu yao, na haidai jibu, ingawa Mkenya hujikuta akisema asante. Viatu huvuliwa hapo hapo. Ole wake mwenye soksi iliyotoboka. Chumba kimetandikwa tatami, mikeka minene ambayo kwa desturi hujazwa mabua ya mpunga, na meza ni fupi, haizidi magoti. Mtu wa Lamu aliyezoea jamvi angetulia. Miguu ya Nairobi hufa ganzi kabla hata chai haijapoa.

Kwanza huletwa kitambaa kilicholoweshwa maji moto, ndiyo birika na beseni lao la kunawia. Kisha kibakuli kisichozidi kikombe cha kahawa, na ndani yake kipande cha tofu na jani moja. Mgeni hukimaliza kwa mkupuo, akangoja chakula. Huja supu nyepesi kama maji. Anangoja chakula. Huja vipande vitatu vya samaki mbichi, halafu samaki wa kuchoma, halafu mboga zilizotokoswa, kila kimoja kwenye chombo chake. Ndicho chakula chenyewe hicho.

Wali hufika mwishoni, pamoja na supu ya miso na achari ya figili.

Kwa mtu wa nchi ya ugali, hapa mambo yamepinduliwa. Kwetu ugali ndio chakula. Vingine vyote ni mboga, hata nyama. Ajabu ni kwamba Kijapani chenyewe kinakubaliana na Dandora: neno gohan maana yake ni wali, na pia ni mlo. Sababu ya wali kuchelewa iko kwenye chupa. Kaiseki ya mikahawani ilikua kama mlo wa kusindikiza sake, na sake hutengenezwa kwa mchele, kwa hiyo wali husubiri kinywaji kiishe. Ni kama mutura inayotafunwa barabarani jioni, wakati ugali unangoja nyumbani.

Samaki mbichi huogopwa kuliko anavyostahili. Hatari iko kando yake, kwenye kidonge cha kijani cha wasabi, ambacho mpenda parachichi anaweza kukichota chote. Hakiunguzi ulimi kama pilipili ya kachumbari. Hupanda puani na kumtoa mtu machozi mbele ya wenyeji.

Supu ile nyepesi ndiyo inayostahili kunywewa polepole. Msingi wake ni mchuzi uitwao dashi, ambao kwa kawaida hutokana na mwani mkavu pamoja na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama gogo, kisha akaparuzwa kwa randa kama ya seremala. Mwaka 1908, Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, alichunguza mchuzi wa mwani huo akatambua ladha aliyoiita umami. Majumbani, wengi hutumia dagaa wadogo waliokaushwa, niboshi. Aliyekulia kwenye harufu ya omena ataitambua mara moja.

Vijiti vina miiko yake. Kuvisimamisha ndani ya wali ni kufanya kama wanavyomfanyia marehemu, na kupokezana kipande kijiti kwa kijiti hukumbusha jinsi mifupa inavyookotwa baada ya maiti kuchomwa. Wapo Wakenya walioizoea. Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya mwaka 2008, alifika Sendai mwaka 2002 akiwa mwanafunzi wa shule ya upili. Mwanamarathoni mwenzake, Douglas Wakiihuri, alimtangulia Japani tangu 1983. Wanariadha kama hao waliishi na miiko hii miaka mingi.

Bakuli la wali humalizwa hadi punje ya mwisho. Kubakiza ni mottainai, neno la kuonea uchungu kitu kinachopotezwa bure, ambalo mwanamazingira Wangari Maathai alikutana nalo Japani mwaka 2005 akalibeba hadi kwenye majukwaa ya dunia. Aliyekulia karibu na jalala la Dandora, ambako masalio ya Nairobi nzima hushushwa kwa malori, hahitaji kutafsiriwa.

Bili hulipwa bila bakshishi. Mhudumu humsindikiza mgeni hadi nje, akainama, na mara nyingi hubaki hapo mpaka mgeni apotee kwenye kona. Mbele ya kona hiyo kuna duka lisilofungwa usiku, linalouza onigiri: tonge la wali lililofungwa kwa mwani, na jodari ndani. Mwana wa Dandora hununua mawili, akayala akiwa amesimama.