Ndoto ya Calpurnia na Haya za Wanaume

Kazi za Mwalimu Julius Nyerere husifiwa mara nyingi kwa ufasaha wa lugha, na wenye kuzisifu wasijishughulishe na yaliyomo. Ndivyo ilivyo kwa tafsiri yake ya tanzia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963, kisha ikarekebishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sisi wa Bukima, ambao Butiama ni jirani yetu, tunayo sababu ya kuisoma upya, na safari hii tuwatazame wanawake.

Ni wawili tu: Calpurnia mke wa Caesar, na Portia mke wa Brutus. Wanaume wamelijaza jukwaa zima, wakinong'ona, wakila njama na kuhutubia.

Calpurnia anaota sanamu ya mumewe ikibubujika damu, na Warumi wakinawa damu hiyo huku wakitabasamu. Anamsihi asitoke. Na Caesar anakubali! Jambo hili wasomaji wengi hulisahau. Anakubali kubaki nyumbani, mpaka anapofika Decius, mmoja wa wala njama, ambaye anaigeuza ndoto kuwa ya heri, kisha anachomeka mwiba wenyewe: watu watacheka wakisikia kuwa Seneti imeahirishwa hadi mke wa Caesar aote ndoto njema zaidi. Hapo shujaa anaona haya kwa kumsikiliza mkewe, anataka joho lake, anakwenda kuuawa. Wengi husema aliuawa na kiburi. Sisi twasema aliogopa kuchekwa na wanaume wenziwe. Calpurnia haonekani tena mchezoni.

Portia naye anamtaka mumewe amshirikishe siri inayomkosesha usingizi, na ili aaminiwe amejijeruhi pajani kwa hiari yake. Tunauliza: Cassius alijijeruhi wapi kabla ya kuaminiwa? Baadaye Portia anakufa kwa kumeza moto. Brutus akiisha kuieleza habari hiyo, anaomba asitajwe tena na kuagiza mvinyo. Wapo wanaodai kuwa Shakespeare aliwadharau wanawake, kwa kuwa alimpa Portia mwenyewe maneno ya kulalamikia udhaifu wa moyo wa kike. Hatuafiki. Alionyesha jinsi dharau inavyokaririwa hata na anayedharauliwa.

Mfasiri aliyajua mambo haya tangu utotoni. Alizaliwa mwaka 1922 katika nyumba ya Chifu Nyerere Burito, aliyekuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa wa tano. Akiwa Makerere aliandika insha kuhusu hali ya wanawake, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita wanaume.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya shule ya Serikali tulifundishwa pia habari ya Hudaibiya. Masahaba waliposita kutii, Mtume alipokea shauri la mkewe Ummu Salama: atoke, achinje mnyama wake na kunyoa bila kusema na mtu. Akafanya hivyo, nao wakamfuata. Hakuna aliyemcheka.

Sheria zetu hazina upungufu mkubwa katika hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza mtu kumpiga mwenzi wake, hata mila ikisema vingine. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Na tangu mwaka 2021 Rais wa nchi ni mwanamke. Lakini njooni kwenye mikutano ya vijiji, huku mwaloni na kule visiwani. Mama aanikaye dagaa anajua bei na hasara kuliko mwenye mtumbwi. Akisimama kuuliza fedha za kijiji zimekwenda wapi, sauti inatoka nyuma: "Leo tunaongozwa na jiko?" Watu wanacheka. Mumewe, ambaye jana usiku nyumbani aliafiki swali lilelile, anainamisha kichwa.

Decius huyo hayumo katika mihtasari ya mikutano inayopelekwa wilayani. Tunawaomba ndugu watendaji wa vijiji na kata waandike humo kila hoja iliyotolewa na mwanamke, na iwapo alikatizwa, jina la aliyemkatiza.