Theluji ya Meru Tuliijua kwa Macho Tu

Yupo mtu aliyezaliwa chini ya mlima wenye theluji, akakua, akaoa, akapata wajukuu, wala asiiguse theluji hiyo hata siku moja. Katika Arusha na vijiji vinavyouzunguka mlima Meru, watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wale walioigusa. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka hamsini.

Kijiji chetu kiko upande wa Tengeru, kati ya migomba na mibuni. Nakumbuka asubuhi moja ya masika, katika miaka ya 1970, nilipokuwa darasa la tatu. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima kwa siku nne mfululizo, hata tukawa kama watu wasio na mlima. Asubuhi hiyo yakafunguka ghafla, na Meru akaonekana amevaa kofia nyeupe. Bibi yangu alikuwa akikamua ng'ombe. Aliinua kichwa mara moja tu, akasema, "Leo huko juu kuna baridi," kisha akaendelea na kazi yake.

Shuleni mwalimu alitutoa nje sote tukatazame. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, ina ladha gani?" Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akakiri kwamba yeye naye hajapata kuionja. Kufikia saa tano jua lilikuwa limekwisha kuila kofia yote, na mlima ukarudia weusi wake.

Ndugu msomaji, jambo hili si la miujiza. Mtu apandapo mlima, kwa kila meta 1,000 joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita za sentigredi. Mji wa Arusha uko kwenye meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru, kiitwacho Kilele cha Ujamaa, kiko kwenye meta 4,566. Kwa hiyo asubuhi ya mvua ambayo muuza chai wa Ngarenaro anajikunyata kwa sweta moja, huko juu maji yanaganda. Lakini Meru ni mfupi kuliko Kilimanjaro kwa zaidi ya meta 1,300, na ndiyo sababu theluji yake ni ya mgeni: huja usiku, ikaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, kiongozi wake wa safari alimwambia kuwa ule ni baridi tu. Rebmann alitambua kuwa ni theluji, akaandika habari hizo Ulaya. Mabingwa wa jiografia waliokuwa London, akiwamo William Desborough Cooley, wakakataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Nilicheka niliposoma hayo. Neno la yule kiongozi lilikuwa ndilo hilo hilo la Bibi, na wote wawili hawakuhitaji kubishana na mtu.

Weupe ambao sisi watoto tuliushika kwa mikono ulikuwa mwingine, nao ni mvua ya mawe. Ilitunyeshea mwaka ule ule, mchana, kwa muda usiozidi robo saa. Mawe hayo huzaliwa ndani ya wingu refu, ambamo upepo wenye nguvu huyarusha matone juu yakaganda, yakarudi, yakarushwa tena na kuzidi unene, hata upepo ukashindwa kuyabeba. Kwa jirani yetu mwenye nyumba ya bati kulikuwa na kishindo kama cha ngoma mia moja. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, basi sisi tulisikia vishindo vizito vya chini chini, kama mtu anayetupa viazi shambani.

Mvua ilipokatika, uwanja wote ulikuwa mweupe. Tulitoka mbio na sufuria, tukazoa mawe, tukaiba sukari ya Mama, tukala kwa vijiko. Hapana shaka ile ilikuwa furaha kubwa kuliko zote za utoto wangu. Tulikuwa tukicheka tulipomwona Baba amechutama chini ya mibuni. Majani ya migomba yalikuwa yamechanika kama vitambaa, na kahawa changa, ngumu na ya kijani, ilikuwa imetapakaa chini kati ya mawe. Baba alikuwa ameahidi kwamba kwa fedha za kahawa hiyo tungeezeka bati. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa na umri wa kuelewa, aliificha sufuria nyuma ya mgongo. Baba akamwona. Hakufoka. Alisema, "Haya, kuleni. Hayo ndiyo mabati yenu."

Tuliendelea kulala chini ya nyasi kwa miaka mitatu mingine.

Kaka huyo ndiye aliyekwenda kusoma Moscow, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kama walivyofanya vijana wengi wa Afrika siku zile. Huko aliikuta theluji ambayo haiondoki saa tano, bali hukaa miezi. Alitusimulia juu ya tufani zake, upepo ukiisukuma theluji ubavuni hata mtu asiuone mkono wake, na juu ya ukimya unaofuata, kwa kuwa theluji hunyesha bila sauti na hunyamazisha hata magari. Lakini habari iliyobaki moyoni mwangu ni ya asubuhi yake ya kwanza. Aliamka, akafungua pazia, akaona nje kote ni kweupe. Wenzake walishangilia. Yeye alikaa kitandani kwa muda mrefu. "Jambo la kwanza nililofikiri," aliniambia, "ni kahawa ya Baba."

Aliporudi alileta koti zito la sufi. Arusha inalo jambo la kulifanyia koti la namna hiyo: mwezi Julai, mawingu yakikaa juu ya mji kutwa kucha na manyunyu yakikataa kwisha, mkoa mzima hujifunika blanketi na kuzunguka jiko la mkaa. Koti lile lilikuwa la zamu. Aliyekuwa na homa ndiye aliyelilalia.

Miaka michache iliyopita, baada ya kustaafu kazi ya kiwandani, nilipanda Meru pamoja na wanangu wawili. Tuliingia kwa lango la Momela, tukifuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Tukalala Miriakamba, kisha Saddle, na saa saba za usiku tukaanza kukipanda kilele. Sitasimulia jinsi magoti yangu yalivyolalamika. Kulipopambazuka jua lilichomoza upande wa Kilimanjaro, nasi tukaiona theluji yake ikiwa vipande vipande. Barafu ile mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilometa 12 za mraba hivi. Kufikia mwaka 2000 asilimia 80 hivi yake ilikuwa imekwisha. Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge pale juu, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, aliikuta barafu kubwa kuliko hiyo tuliyoiona sisi.

Kwetu juu ya Meru palikuwa na theluji kidogo tu, kivulini mwa mawe, ya usiku uliopita. Niliichota kwa kiganja. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani, na ladha yake, mwalimu wangu, ni ya maji na vumbi. Nikamwaga chai iliyobaki katika chupa, nikaiacha ipoe kabisa, kisha nikaishindilia theluji ndani mpaka shingoni. Wanangu walinitazama wakanyamaza.

Nilifika nyumbani mchana wa siku ya pili. Mama, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umerudi na miguu yote?"

Nikafungua chupa. Ilikuwa nusu maji, na nusu vipande laini vilivyokuwa vikielea. Mama akatumbukiza kidole, akakitoa haraka, akakitumbukiza tena na kukiacha humo.

"Hii ndiyo ile iliyotula kahawa?"

"Hapana, Mama. Ile ilikuwa mvua ya mawe. Hii ni ya juu kabisa, ile tuliyokuwa tukiiona asubuhi."

"Ni ndugu moja," alisema. Akaniomba nimsaidie kuinuka, akaichukua chupa mpaka jikoni, akaimimina yote katika birika, akaongeza majani ya chai. Tulikunywa sote, na kaka alipita jioni akakuta kikombe chake kimebakizwa.