Rotili imekataa kutoka: usipige pale mimi nilipiga

Wasomi wenzangu, leo hatuongelei kutafuta kazi. Tunaongelea kutu.

Wengi wetu tuko na gari ya familia yenye imezeeka: Carina, Noah, RAV4, zile zilitembea kwanza Japani mbele ya kufika kwetu. Kwa milima ya Bukavu, na mashimo na matope ya mvua, direksio njo inateseka ya kwanza. Usukani unaanza kucheza, unasikia "ko-ko-ko" kwa gurudumu ya mbele, na fundi anakuambia rotili imekufa. Rotili ni kile kichwa cha mviringo chenye kinaunganisha biyeleti ya direksio na mkono wa chuma wa gurudumu. Kuinunua haiko shida. Shida ni kuitoa ile ya zamani.

Gari ilikuwa ya baba mdogo, ilikuwa inafanya taksi, na ile taksi njo ilikuwa inalipa minervali yangu. Mimi, lisansie wa fizike, nikasema hatutalipa fundi kwa kazi ya ekru moja. Nikafungua ekru, nikaitoa yote, kiisha nikapiga nyundo juu ya kichwa cha rotili, pale kwenye filete. Nikapiga nusu saa. Haikutoka. Filete ikapondeka kama uyoga. Kumbe rotili mpya yenye tulinunua haikuwa ya ile gari, koni yake ilikuwa ndogo. Ya zamani nayo ekru haiingii tena. Baba mdogo akasema tuilazimishe, hata ishike nyuzi mbili tu, atembee polepole. Nilikataa, tukagombana. Lakini kama ekru inatoka kwa mteremko, gurudumu inageuka upande wake, usukani unabaki bure mkononi. Taksi ililala siku tatu.

Fundi mmoja mzee wa mtaa wetu alikuja kuona. Akaniuliza: "Mwanangu, na ile fizike yote, hukuona kama ni koni?"

Alikuwa na haki. Mguu wa rotili hauko sawasawa kama bulo, unapungua kidogo kidogo kuelekea filete. Ukikaza ekru, ile koni inavutwa ndani ya tundu mpaka vyuma viwili vinabanana. Ekru ikitoka, msuguano unabaki, na kutu inaongeza. Kwa hiyo usipige mguu. Piga ubavuni mwa lile jicho la mkono wenye umeshika koni. Pigo kali linafanya tundu libadilike umbo kwa nukta moja, na koni inaruka. Nyundo mbili zikipiga pamoja, moja kila upande, ni vizuri zaidi. Mwenzako abonyeze biyeleti na chuma kirefu ili koni ivutwe kuelekea pale inatokea. Ekru iache imeshika nyuzi chache: inalinda filete, na rotili haitakurukia usoni. Arashe-rotili yenye parafujo inafanya kazi safi kuliko nyundo. Omba kwa jirani. Ile ya umbo la uma inapasua kaushu, itumie tu kama rotili inaenda kutupwa.

Kabla ya nyundo, sugua filete na brosi ya chuma, weka dawa ya kutu, uache ilale usiku. Haraka njo inavunja bulo. Moto nao unasaidia, lakini kidogo: tundu la mm 15 likipata digrii 200 zaidi linapanuka karibu mm 0,036, chini ya unene wa unywele, na mara nyingi inatosha. Usifikishe chuma kuwa chekundu, unakiharibu. Futa dawa kwanza, inawaka, na angalia mpira wa freni uko karibu.

Nilisahau jambo la kwanza kabisa. Kwetu, wapi utapata uwanja wa sawa? Weka mawe kwa magurudumu ya nyuma, weka gari juu ya shandeli ao mbao nene, na gurudumu yenye umetoa uilaze chini ya bodi. Usiingie chini ya gari yenye iko juu ya kriki tu.

Kisha kuna kontre-ekru kwa biyeleti, nayo inaganda. Ijaribu kidogo upande wa kukaza, kutu ivunjike, ndipo ufungue, na kle ya pili ishike biyeleti isijipinde. Ukizungusha rotili kuitoa, hesabu mizunguko na uandike. Ile mpya iingie kwa hesabu ile ile, kama sivyo magurudumu yataangaliana vibaya na pine zitakwisha mbio.

Wakati wa kurudisha, pangusa koni na tundu vikauke, bila grisi. Gupiyi iwe mpya. Kama tundu lake halilingani na ekru, kaza kidogo tena, usilegeze hata kidogo. Kaza kontre-ekru pia, na ugeuze usukani pande zote mbili mbele ya kutoka. Kiisha enda polepole mpaka kwa garaje yenye iko na mashini ya paralelismi, hata kama hesabu yako ilikuwa nzuri. Baba mdogo alienda kesho yake asubuhi, na jioni alipofika nilirudi chini ya gari na kle, kuangalia kama ekru haijasogea.