Bima ya Mgeni Aliyepewa Jembe

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayezuru Zanzibar kutoka nje ya Tanzania hulazimika kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mtu mzima hulipa dola 44, na bima hiyo hudumu siku zisizozidi 92. Wanaofanya kazi katika nyumba za wageni kijijini Bwejuu wanalijua vizuri jambo hili. Lisilojulikana sana ni upande wa pili: kijana wetu akitoka Bwejuu kwenda Ulaya, naye ni mgeni, na mara nyingi ni mgeni anayekwenda kufanya kazi.

Mama mmoja mkulima wa mwani alinisimamisha njiani, akanionyesha karatasi. Binti yake alikuwa amepata familia Ujerumani. Angeishi nao mwaka mmoja, awaangalie watoto, ajifunze lugha, na siku za mapumziko atembee. Ni ule mpango unaoitwa “au pair”. Bima ya safari alikwisha kuinunua mjini. “Mwanangu, akiugua huko nani atamlipia?” aliniuliza.

Niliisoma karatasi ile. Ilikuwa bima halali ya matembezi, ila haikumfaa msafiri huyu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bima ya matembezi imetengenezwa kwa zile siku mbili. Kwa viza ya Schengen ya kuzuru Ulaya, kwa mfano, ni lazima ifikie angalau yuro 30,000, ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Lakini viza hiyo ni ya siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Bima yake humwangalia aliyevunjika mguu ghafla, na kwa kawaida humwacha anayehitaji dawa za pumu kila mwezi, au mjamzito anayetaka kliniki. Na ukishashika jembe, mambo hubadilika zaidi. Ukiungua jikoni ukiwa kazini, kampuni itauliza ulikuwa unafanya nini, na kama mkataba unataja matembezi tu, dai lako linaweza kukataliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize: nakwenda kufanya nini, na kwa muda gani? Jibu litakuonyesha hata nani anapaswa kulipa. Katika mpango wa binti yule, ulio wa vijana wa miaka 18 hadi 26, familia ya Kijerumani ndiyo inayowajibika kumkatia bima ya ugonjwa, ya ajali, na ya ujauzito na uzazi, mbali na posho yake ya yuro 280 kwa mwezi. Anayekwenda Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea, tuseme katika nyumba ya wazee, huandikishwa na taasisi inayompokea kwenye bima ya afya ya umma. Uingereza ina njia nyingine: tangu Februari 2024, watu wazima wengi wanaoomba viza ya zaidi ya miezi 6 hulipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, kisha hutibiwa katika hospitali za umma kama wakaazi.

Nilimwambia mama yule binti asiridhike na ahadi ya simu. Aombe nakala ya mkataba kabla ya kuondoka, na ahakikishe bima inaanza siku atakayotua, isisubiri siku ya kwanza ya kazi.

Mkataba ukiupata, anza kusoma nyuma, kwenye orodha ya yasiyolipiwa. Tazama kwanza maradhi uliyonayo: siko seli, kisukari, pumu. Yataje yote hata kama bei itapanda, kwani ugonjwa uliofichwa huwa sababu ya dai kukataliwa. Kisha tazama michezo. Kijana aliyezoea mchezo wa kaiti baharini huko Paje, akiiona theluji atataka kuteleza juu yake, na mikataba mingi huiweka michezo ya hatari kando. Tazama pia kiasi utakachojilipia mwenyewe kila unapotibiwa, na kama unalindwa ukivuka mpaka au ukirudi nyumbani kwa likizo.

Lipo na lile tusilopenda kulitamka. Mtu wetu akifariki ugenini, mara nyingi michango hupitishwa kwenye simu ili maiti irudi. Soma mkataba unalipa kiasi gani kwa hilo, na kama unalipia pia mazishi ya huko huko, maana zipo familia za Kiislamu zinazochagua mtu wao azikwe haraka alikofia. Ni mzigo mzito kwa wafiwa, na unaweza kupunguzwa mapema.

Mwisho, acha nakala nyumbani. Kampuni nyingi za bima hutaka zipigiwe simu mapema mgonjwa anapolazwa, na mgonjwa mwenyewe huenda hawezi kupiga. Mama yule sasa anayo ya binti yake, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Imeandikwa Kijerumani, hasomi hata neno. Lakini binti ameizungushia wino namba ya dharura, na mama ameikariri.