Ufa Usioonekana

Mwanamke anunuapo chungu hukigonga kwa kidole. Kikilia vizuri ni kizima. Kikilia vibaya kina ufa. Kwa nini?

Chembe za kitu kigumu zimeshikamana sana. Moja ikisukumwa huisukuma ya pili, kisha hurudi mahali pake. Chembe hazisafiri, usafirio ni mtikiso, nao ndio sauti. Hewani sauti huenda karibu meta 340 kwa sekunde moja. Katika chuma cha reli hupita meta 5,000. Lakini ikifika penye ufa hukatizwa, na sehemu yake hurudi nyuma.

Kwa hiyo mafundi hupeleka ndani ya reli sauti isiyosikiwa na sikio la mtu. Mwangwi ukirudi kabla ya wakati wake, ufa upo. Reli hiyo huondolewa kabla gari la moshi halijaanguka.